Sura ya Sita: Kusoma Makombo

Mfugaji anayemlisha ng'ombe wake bandani hangoji daktari wa mifugo aje kumwambia kwamba mambo si mazuri. Alfajiri, kabla hajaosha ndoo ya kukamulia, anachungulia horini. Ng'ombe aliyemaliza majani yote jana na leo amebakiza nusu amekwisha kusema jambo, hata kama macho yake ni maangavu na manyoya yamelala vizuri. Na yule aliyelamba hori mpaka ubao ukawa mweupe, kisha akaanza kutafuna kamba aliyofungiwa, naye amesema lake.

Sura hii inahusu watu wanaofanya kazi hiyohiyo maabarani. Ng'ombe wao ana umri wa siku 7. Ana seli 100 au zaidi kidogo, na upana wake haufiki robo ya milimita. Hori lake ni tone la maji yenye chumvi, sukari na asidi amino, lililofunikwa kwa mafuta lisikauke. Kiinitete hakina manyoya ya kupapasa wala pua ya kugusa kama ina unyevu. Kinachoweza kusomwa bila kukidhuru ni chakula kilichopungua katika lile tone baada ya saa chache, na taka zilizoongezeka.

Anayefanya uhimilishaji wa kawaida anaweza kuishi maisha yake yote bila kuhitaji elimu hii. Anayetengeneza kloni, yaani nakala ya mnyama mmoja, anaihitaji sana, na sababu yake inaonekana wazi katika hesabu ya Dolly, yule kondoo kloni, ambayo kwa kawaida husimuliwa harakaharaka ili watu wafike kwenye ajabu yenyewe. Katika Taasisi ya Roslin, karibu na Edinburgh, Ian Wilmut, Keith Campbell na wenzao waliunganisha mayai 277 yaliyoondolewa kiini na seli zilizotoka kwenye kiwele cha kondoo jike wa miaka 6. Mayai hayo yaliatamiwa kwa muda ndani ya mirija ya uzazi ya kondoo wengine. Yalipotolewa, viinitete 29 ndivyo vilivyoonekana kufaa. Vikapandikizwa kwa kondoo 13. Tarehe 5 Julai 1996 akazaliwa mwanakondoo mmoja.

Watu wengi hushtushwa na ile 277. Mimi hushtushwa na ile 29. Mayai mengi yaliyoachwa yalijionyesha yenyewe: hayakugawanyika, au yaligawanyika yakasimama njiani, na kuyakataa hakukuhitaji utaalamu mkubwa. Lakini vile 29 vilikuwa vimetazamwa na macho ya watu waliobobea, vikaonekana vizima, na 28 kati yake havikuleta mtoto. Miaka miwili baadaye, mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kinki huko Japani walitangaza ndama 8 waliotokana na viinitete 10 tu, wote nakala za ng'ombe mmoja. Ilikuwa hatua kubwa kupita zote za wakati ule. Ndama 4 kati ya hao 8 walikufa wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na viinitete vyao navyo vilikuwa vimepita mtihani wa jicho.

Mtihani wenyewe una heshima yake. Jumuiya ya Kimataifa ya Teknolojia ya Viinitete, iliyoanzishwa mwaka 1974, imeweka madaraja yanayotumika duniani kote. Daraja la 1 ni kiinitete kizuri au bora kabisa, la 2 ni cha wastani, la 3 ni hafifu, la 4 kimekufa au kinaoza. Mtaalamu anainama kwenye hadubini na kuuliza maswali yaleyale kila mara. Je, umbo ni la duara? Seli zimeshikamana, au zipo zilizotapakaa pembeni? Rangi imekolea kiasi gani? Uwazi wa ndani wenye maji umejaa? Kwa viinitete vilivyosafishwa kutoka kwenye mfuko wa uzazi wa ng'ombe baada ya kuhimilishwa, macho hayo hufanya kazi nzuri. Kloni huyapita kwa sababu kasoro yake haikai kwenye umbo. Seli zake hugawanyika kwa wakati, hushikamana, hujenga kuta, hujaza maji. Kinachoyumba ni maagizo yaliyo ndani ya kila seli, yaani jeni ipi izungumze na ipi inyamaze, na maagizo hayana rangi wala umbo la kuonekana kwa hadubini.

Kosa hilo la jicho lina wa kulilipia. Kiinitete kibovu kikipandikizwa na kufa siku ya 20, ng'ombe mbebaji hurudi kwenye joto na maisha yanaendelea. Lakini kloni wengi hawafi mapema. Hushika, hukua, kisha kondo la nyuma linashindwa kazi. Vifundo vinavyolishikanisha kondo na mfuko wa uzazi huwa vichache na vikubwa kupita kiasi. Maji hujaa kwenye kondo mpaka tumbo la mama linatanuka kiasi cha kutishia uhai wake. Ndama akifika mwisho wa mimba huenda akawa mkubwa mno kupita njia ya kawaida, na mama akapasuliwa. Ndama huyo anaweza kuzaliwa na mapafu yasiyofunguka na kitovu kilichovimba. Nimesoma ripoti nyingi ambamo ng'ombe hawa wanatajwa kwa namba katika safu moja ya jedwali, na sikubaliani na uandishi huo. Ng'ombe mbebaji hakuomba kubeba nakala ya mwenzake. Kama kuna njia ya kujua mapema, siku ya 7, kwamba mimba hii itamtesa kwa miezi na kuishia kwenye kifo, basi kuitafuta njia hiyo ni wajibu tulio nao kwake kabla hatujataja gharama za maabara.

Ili kusoma makombo, lazima kwanza tujue mlo wa kiinitete cha kawaida. Yai lililotungishwa halijui kutumia glukosi vizuri. Mwaka 1967 John Biggers na wenzake walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba yai na kiinitete cha siku ya kwanza hutegemea piruvati, yaani glukosi iliyokwisha kuvunjwa nusu ya safari. Ndani ya ovari, seli ndogondogo zinazolizunguka yai ndizo huvunja glukosi na kulipa yai piruvati, kama mama anayemtafunia mtoto asiye na meno. Kiinitete cha ng'ombe kwa siku za mwanzo huishi maisha ya utulivu wa namna hiyo, kikitumia piruvati, laktati, asidi amino chache na akiba ya mafuta aliyoiacha mama ndani ya yai. Wakati huo hata jeni zake zimelala. Huamka kwa nguvu kinapofikia seli 8 hadi 16, na kabla ya hapo kazi karibu yote huendeshwa na maagizo ya mama.

Kisha mambo hubadilika. Seli zinashikamana, za nje zinaanza kupampu chumvi kwenda ndani, maji yanafuata chumvi, na uwazi unatokea katikati. Hiyo ndiyo blastosisti. Kupampu ni kazi nzito, kutengeneza protini mpya nayo ni kazi nzito, na hapo ndipo hamu ya glukosi inapopanda ghafla, pamoja na matumizi ya oksijeni. Kiinitete kilichokuwa kinadonoa sasa kinakula.

Wafaransa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuliza kama mlo huu unaweza kutabiri uhai. Mwaka 1980 Jean-Paul Renard na wenzake walipima glukosi iliyofyonzwa na blastosisti za ng'ombe za siku 10, wakaona kwamba zilizofyonza nyingi ndizo zilizoendelea vizuri zaidi. Kazi hiyo ilihitaji viinitete vikubwa. Kuja kwenye kiinitete kimoja kidogo kulihitaji mkono mwepesi zaidi, na hapo jina la Henry Leese wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, haliwezi kuachwa. Yeye na wanafunzi wake walijifunza kupima ndani ya matone ambayo ujazo wake huhesabiwa kwa nanolita. Unaongeza kimeng'enya kinachoikamata glukosi peke yake. Mwitikio huo unazaa molekuli inayong'aa ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Mng'ao ukiwa mkali, glukosi iliyobaki ni nyingi, maana yake kiinitete kimekula kidogo. Mng'ao ukififia, kimekula sana.

Udogo wa kipimo hiki unafaa kufikiriwa. Mlo wa kiinitete huhesabiwa kwa pikomoli. Punje moja ya sukari ya chai ina mamia ya maelfu ya pikomoli, na blastosisti ya ng'ombe hutumia makumi tu kwa saa. Kwa hiyo kosa dogo la mkono linaweza kuwa kubwa kuliko mlo wenyewe. Tone likipoteza maji kidogo kabla ya kufunikwa mafuta, glukosi iliyomo itaonekana imeongezeka. Glutamini, mojawapo ya asidi amino, huvunjika yenyewe ndani ya kiatamizi chenye joto la nyuzi 38.5 na kuacha amonia, hata kama hakuna kiumbe kilichoigusa. Ndiyo maana kando ya kila tone lenye kiinitete kuna tone tupu, lenye maji yaleyale, mafuta yaleyale na saa zilezile za kukaa, ila halina mgeni. Anayepima huyalinganisha hayo mawili, na tofauti ndiyo mlo. Ukisoma utafiti wowote wa aina hii, anza kwa kutafuta matone matupu yalikuwa mangapi. Yakiwa machache, usiamini jedwali kwa haraka.

Ushahidi ulionishawishi kwamba jambo hili lina uzito ni wa panya. Mwaka 1996 Michelle Lane na David Gardner walichukua blastosisti ambazo kwa macho zilikuwa sawa kabisa, wakapima namna kila moja ilivyotumia glukosi, kisha wakazipanga. Zile ambazo mlo wake ulifanana na wa kiinitete kilichokulia tumboni ziliendelea kuwa vijusi kwa asilimia 80. Zile ambazo mlo wake ulikwenda mrama zilifikia asilimia 6. Kabla ya kipimo, hakuna mtaalamu wa hadubini ambaye angeweza kuzitenganisha.

Na kloni? Kloni ni yai ambalo limepewa kiini kilichokuwa na kazi nyingine. Seli ya ngozi, au ya kiwele, au ya misuli, ilikuwa imeshajifunza maisha yake: ifungue mlango gani wa glukosi, ihifadhi nini, iteme nini. Tunapoichukua na kuiingiza ndani ya yai, kisha tukaipitishia umeme ili viungane, tunalitaka yai liifanye isahau yote hayo kwa saa chache. Mara nyingi haisahau yote, na kumbukumbu iliyobaki hujitokeza kwenye chakula. Keith Latham na wenzake huko Philadelphia walilionyesha hili kwa panya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Viinitete vya kloni vilivyotengenezwa kwa viini vya seli za misuli vilistawi zaidi katika lishe inayotumika kukuzia seli za misuli kuliko katika lishe ya viinitete. Vilivuta glukosi kwa pupa mapema mno. Hata kile kisafirishaji cha glukosi ambacho ni cha kawaida kwa misuli kilionekana kimejipanga juu ya seli, mahali kisipotakiwa kuwa katika umri ule. Kiinitete kilikuwa na sura ya kiinitete na hamu ya msuli.

Nilipoelewa jambo hilo ndipo nilipoelewa kwa nini kipimo cha umetaboli, yaani cha mlo huu, kina thamani ya pekee kwa kloni kuliko kwa kiinitete kilichotungishwa maabarani kwa mbegu ya dume. Kwa huyu wa pili kinauliza kama ana afya. Kwa kloni kinauliza pia kama amekubali kuwa kiinitete.

Kuna jambo la pili lililojificha ndani ya tone. Blastosisti ina makundi mawili ya seli. La ndani litakuwa ndama, la nje litakuwa kondo. Hili la nje ndilo linalopampu maji, ndilo lenye mitokondria (meko ya nishati ndani ya seli) zenye bidii zaidi, na ndilo linalotumia sehemu kubwa ya nishati yote. Kwa hiyo tunaposoma makombo ya siku ya 7, kwa kiasi kikubwa tunasoma mlo wa kondo la baadaye, na kondo ndiko kloni wengi wanakoharibikia. Dirisha letu dogo limeelekea upande unaofaa.

Kuhusu mitokondria kuna kisa kingine cha Dolly. Kiini chake kilitoka kwa kondoo wa aina ya Finn Dorset. Lakini mitokondria zake, kama uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulivyoonyesha, zilikuwa za yai, yaani za kondoo wa Scottish Blackface. Nyumba ilijengwa kwa ramani ya mmoja na meko yakawa ya mwingine. Dolly aliishi hivyo. Hata hivyo meko na ramani lazima zisikilizane, maana sehemu nyingi za mitokondria hutengenezwa kwa maagizo ya kiini. Wanaopima oksijeni inayotumiwa na kiinitete kimoja kimoja, kazi iliyofanywa kwa ustadi huko Japani na Denmark, wanasikiliza moto wa meko hayo.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kanuni ni rahisi, kwamba anayekula sana ndiye mzima. Renard aliona hivyo. Leese, baada ya miaka mingi ya kupima, alikuja na wazo lililokwenda kinyume. Mwaka 2002 alipendekeza kwamba kiinitete chenye uhai mzuri ni kile kilichotulia. Kiinitete kilichoumia kwenye jeni zake au protini zake kinatumia chakula kingi kujikarabati, kwa hiyo pupa ni dalili ya jeraha. Vipimo vya asidi amino vilimuunga mkono. Viinitete vilivyositasita katika ukuaji vilikuwa na shughuli nyingi, vikiingiza hii na kutoa ile, hasa alanini, ambayo ni njia mojawapo ya kujitoa amonia yenye sumu.

Wazo hilo lilipingwa, likatetewa, likasahihishwa. Baadaye Leese na wenzake walieleza kwamba utulivu una mipaka yake pia, kwa kuwa kiinitete kinachokula kidogo mno huenda kinakufa. Walipotafuta neno la kueleza eneo la katikati waliazima la Kiswidi, lagom. Nilitabasamu kwa furaha niliposoma hapo, kwa sababu sisi tunalo neno hilo siku zote jikoni. Chumvi kiasi. Moto kiasi. Mpishi akisema hivyo hakupi namba, na bado wewe unayejua kupika unaelewa kwamba ipo chini isiyofaa na juu isiyofaa. Kazi ngumu ya maabara ni kuzigeuza hizo chini na juu kuwa namba kwa kiinitete cha ng'ombe.

Na kwa ng'ombe mpaka huo hutikiswa na sahani yenyewe. Blastosisti iliyokuzwa maabarani hutema laktati nyingi kuliko iliyokulia tumboni, hata ikiwa haikuklonishwa. Hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 20 inaisumbua, ndiyo maana wengi sasa huishusha hadi asilimia 5. Kloni akionyesha laktati nyingi, je, ni kumbukumbu ya ngozi au ni adha ya kiatamizi? Kulijibu swali hilo kunataka makundi matatu yapimwe siku moja: kloni, viinitete vilivyotungishwa na kukuzwa kwenye kiatamizi kilekile, na viinitete vilivyosafishwa kutoka kwa ng'ombe. Kundi la tatu ni ghali na lina kazi, na tafiti nyingi huliacha. Kwa maoni yangu utafiti usiokuwa nalo unaweza kutuambia kloni ametofautiana na nani, lakini hauwezi kutuambia nani yuko sawa.

Mambo haya yamekwisha kufika karibu na nyumbani. Nairobi, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, alizaliwa ng'ombe dume wa aina ya Boran aliyeklonishwa kutoka kwa seli za kijusi, akaitwa Tumaini. Katika timu iliyomtengeneza alikuwamo Bill Ritchie, yule ambaye mkono wake ulishika pipeti wakati Dolly anatengenezwa Roslin. Utafiti ulichapishwa mwaka 2016. Sababu ya kumtengeneza Tumaini ilikuwa ndorobo. Nyani wana protini kwenye damu inayoua vimelea vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, na watafiti walitaka siku moja kuingiza jeni ya protini hiyo kwa Boran. Kuingiza jeni hufanyika kwenye seli, na njia ya kutoka kwenye seli hadi kwa ng'ombe mzima ni kuklonisha. Kwa hiyo Tumaini, ambaye hakuwa na jeni hiyo, alikuwa ushahidi kwamba njia inapitika kwa ng'ombe wetu.

Swali la ng'ombe mbebaji nalo linakuja kwetu vilevile. Boran anavumilia ukame, kupe na safari ndefu, lakini kondo lililojaa maji halimchagulii mama kwa uvumilivu wake. Mayai ya kazi hii hutoka kwenye ovari zinazokusanywa machinjioni, bila kujulikana ng'ombe alikuwa nani, alikula nini, alikuwa na umri gani. Mayai kama hayo hutofautiana sana hata kabla ya kuguswa, na kila tofauti huingia kwenye tone. Nadhani maabara ya Afrika Mashariki itakayoamua kupima umetaboli itapaswa kutengeneza viwango vyake kwa mayai yake. Namba za York hazitaifaa sana.

Siku ya 7 ikifika, muda wa kufikiri ni mfupi. Ng'ombe mbebaji amepangiwa joto lake ili mfuko wake wa uzazi uwe na umri uleule wa kiinitete, na nafasi hiyo haikai wazi kwa muda mrefu. Viinitete vimehamishwa usiku, kila kimoja kwenye tone lake, na matone matupu kando yake. Asubuhi matone yananyonywa na kupelekwa kwenye mashine, viinitete vinarudishwa kwenye lishe safi, na mtu mmoja anakaa na karatasi mbili mbele yake, moja ya madaraja ya jicho na moja ya mlo. Cha tatu ni daraja la 1 na kimevuta glukosi mara mbili ya wenzake. Cha tano ni daraja la 2, kimekula kiasi, alanini yake ni ndogo. Nje, kwenye kibanio, ng'ombe amesimama akicheua, na anayeshika mkia wake anauliza ni kipi kinaletwa.